Anasema haumwi, na hakudanganyi

Wiki hii nataka tuzungumzie sentensi moja ambayo wazazi wa huku Tabora huniletea karibu kila siku ya kliniki: "Daktari, huyu mtoto anaumwa, ila mwenyewe hataki kukubali." Naomba uliangalie vizuri hilo neno "hataki". Limegombanisha nyumba nyingi, na mara nyingi si la kweli.

Nianze na familia moja. Wamenipa ruhusa niandike, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike. Walikuja asubuhi kutoka upande wa Sikonge, baba, mama na kijana wao wa miaka 23. Mama alikaa karibu na mlango kama mtu anayezuia mwenzake asitoke. Baba alikuwa amenuna. Kijana mwenyewe alikuwa mtulivu, shati safi, akanipa shikamoo yake vizuri kabisa. Nilipouliza kilichowaleta, yeye ndiye aliyewahi kujibu.

"Mimi siumwi, daktari. Muulize mama, yeye ndiye halali usiku."

Alikuwa na hoja. Mama alikuwa halali kweli, kwa sababu kijana alikuwa akizunguka uani usiku kucha akijibizana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Kwa wiki tatu alikuwa hagusi chakula kilichopikwa na dada yake, kwa kuamini kimetiwa sumu. Alikula embe na karanga tu, vitu alivyomenya mwenyewe.

Baba naye alikuwa na lake. Msimu ule alimwachia kijana bani la tumbaku. Wanaolima tumbaku ya mvuke wananielewa: ukishapanga majani ndani, una karibu wiki nzima ya kuchochea moto usiku na mchana, joto likipandishwa hatua kwa hatua, na ukizembea saa chache jani linaharibika na mwaka mzima umekwenda. Kijana alichochea moto, akaenda kuongeza kuni, akasahau alichokuwa akikifanya. Akakutwa amekaa chini ya mti. Bani zima lilikuwa limeharibika.

"Kazi hii anaijua tangu ana miaka 12," baba aliniambia. "Huu ni ukaidi. Anajifanya."

Kwa hiyo nilikuwa na maswali mawili mezani, ingawa wao waliyaona kama moja. Kwanza, kwa nini mtu anayesumbuka hivi haoni kwamba anaumwa? Pili, kwa nini kijana aliyekuwa mahiri ameshindwa kazi anayoijua? Majibu yake yamekaa karibu karibu ndani ya ubongo, na ndiyo maana ninayaandika pamoja.

Hali aliyokuwa nayo tunaiita saikosisi. Mtu anasikia au kuona visivyokuwepo, anaamini mambo ambayo hayabadiliki hata ukimletea ushahidi, na mawazo yake yanakosa mpangilio. Yako magonjwa mengi yanayoweza kuileta: skizofrenia, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, bangi, pombe, malaria iliyofika kwenye ubongo, kifafa, kaswende, maambukizi ya VVU, na kwa akina mama wachache, wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Ndiyo sababu ukimleta mgonjwa kwa mara ya kwanza tunapima damu na kuuliza maswali mengi kabla ya kuutaja ugonjwa. Skizofrenia peke yake, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, inawapata watu kama milioni 24 duniani, karibu mtu 1 kati ya 300, na mara nyingi huanza katika umri ule ule ambao mzazi anategemea mtoto ashike jembe, amalize chuo au aanzishe nyumba yake.

Sasa swali la kwanza. Mwaka 1973 shirika hilo hilo lilitoa ripoti ya utafiti mkubwa wa skizofrenia uliofanyika katika nchi 9, na kituo cha Afrika kilikuwa Ibadan, Nigeria. Walipopanga dalili kwa wingi wake, iliyoongoza haikuwa kusikia sauti. Sauti zilionekana kwa wagonjwa 74 kati ya 100. Kutojua kwamba unaumwa kulionekana kwa wagonjwa 97 kati ya 100. Maana yake ni kwamba kijana anaposema "siumwi", anakuonyesha dalili ya kawaida kuliko zote za ugonjwa wake. Ni sawa na mgonjwa wa malaria kuwa na homa. Hakuna mzazi anayemgombeza mtoto kwa kuchemka mwili.

Jambo hili halikuanza kujulikana kwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1914 daktari wa Ufaransa, Joseph Babinski, aliandika habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili na hawakujua kwamba wamepooza. Ukimwambia mmoja wao ainue mkono wa kushoto, mkono hauinuki, naye anakwambia ameuinua, au anasema leo amechoka kidogo. Hakuwa anadanganya. Sehemu ya ubongo inayopaswa kumpasha habari za mkono ndiyo iliyoumia. Babinski aliipa hali hiyo jina la anosognozia, na leo tunalitumia pia kwa watu wenye saikosisi.

Sisi wa Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani ya misafara. Njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mbele ya kila msafara alitangulia kirangozi na bendera yake, wengine wakimfuata. Mpagazi akiumia mguu, kirangozi anaambiwa na msafara unasimama. Je, kirangozi mwenyewe akishika njia isiyo yake porini? Anaendelea kutembea kwa uhakika ule ule, bendera juu. Kwa macho yake hiyo ndiyo njia. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inafanya kazi inayofanana na ya kirangozi: inapanga, inakumbuka tulikuwa tunaelekea wapi, inabadili mwelekeo mambo yakibadilika, na inajikagua. Ugonjwa ukigusa hapo, chombo kinachotakiwa kugundua kosa ndicho chenye kosa.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia. Uwezo huo wa kujikagua unasaidiana na uwezo mwingine wa akili: umakini, kasi ya kufikiri, kumbukumbu ya kushika mambo kwa dakika chache wakati unayafanyia kazi, na kugeuza mawazo. Kuna kipimo kilichobuniwa Marekani miaka ya 1940 ambacho bado kinatumika. Mtu anapewa karata azipange, kwa rangi, kwa umbo au kwa idadi ya alama. Haambiwi kanuni, anaambiwa tu "sawa" au "si sawa". Akishaizoea, kanuni inabadilishwa kimya kimya. Watu wengi hushtuka baada ya makosa machache na kujaribu njia nyingine. Wengi wenye skizofrenia hung'ang'ania kanuni ya zamani, ingawa kila mara wanaambiwa si sawa. Watafiti walipolinganisha vipimo kama hivi na uwezo wa mtu kutambua ugonjwa wake, walikuta viwili hivyo vinakwenda pamoja.

Vinakwenda pamoja, lakini si kwa karibu sana, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Nimewahi kumtibu mhasibu mwenye shahada, mwepesi wa hesabu kuliko mimi, ambaye hakukubali hata siku moja kwamba anaumwa. Na ninaye mama mwingine asiyeweza kukumbuka alichokula asubuhi, lakini anajua fika kwamba sauti zile ni ugonjwa na anakuja kliniki mwenyewe. Kwa hiyo usipime utambuzi wa mtu kwa elimu yake. Na kwa kuwa uhusiano si wa asilimia mia, utambuzi unaweza kubadilika. Unaweza kuja kidogo kidogo kwa dawa, kwa usingizi, na kwa namna watu wa nyumbani wanavyoongea naye.

Siku ile nilimpa kijana maneno matatu ayashike: embe, ndoo, reli. Nikamwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Alifika 14, akasimama, akarudi 16. Baada ya dakika tano nikamuuliza yale maneno. Alikumbuka embe tu. Nikamwomba afanye mambo matatu kwa mpangilio: achukue karatasi, aikunje, aiweke juu ya kiti. Aliichukua, akaikunja, akabaki ameishika akiniangalia kwa heshima, akisubiri.

Baba alikuwa anaangalia. Sikumwambia neno. Alivua kofia akaiweka magotini, na neno "ukaidi" sikulisikia tena kutoka kwake.

Mzazi, shida hii ya kufikiri inaweza kuanza kabla ya sauti. Mtoto aliyekuwa wa kumi bora anashuka, anasoma ukurasa mmoja mara nne, anajitenga na wenzake. (Tafadhali usishtuke kwa kila mtoto aliyefeli hesabu. Sababu za kushuka darasani ni nyingi, kuanzia macho na upungufu wa damu hadi mapenzi.) Shida hiyo pia huweza kubaki baada ya sauti kuondoka. Dawa tulizo nazo zinatuliza sauti na imani za ajabu vizuri zaidi kuliko zinavyorudisha kumbukumbu. Familia nyingi hazilijui hili. Wanaona kijana hajibizani tena na hewa, wanasema amepona, wanamrudishia kazi zote siku hiyo hiyo. Anashindwa, anaitwa mvivu, anakata tamaa, anaacha dawa.

Na akiacha dawa? Utafiti mmoja wa New York uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliougua kwa mara ya kwanza. Walioacha dawa walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara 5 zaidi ya walioendelea. Kwa hiyo kubishana kuhusu "unaumwa" na "siumwi" si mchezo wa maneno. Kinachotafutwa ni sababu ya mtu huyu kumeza dawa kesho, na kesho kutwa.

Hapa nina kosa langu la kukiri. Nikiwa daktari mpya, katika hospitali moja mbali na hapa, nililetewa mwalimu wa kike aliyeamini kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye kila jioni. Nilikaa naye nusu saa nikimpangia hoja. Mtangazaji yuko Dar es Salaam, hakujui. Vipindi vinaandaliwa mapema. Wasikilizaji wako maelfu. Kila hoja ilikuwa nzuri. Mwisho akanyamaza, nikadhani nimemshawishi. Alichukua mkoba wake, akanishukuru, akaondoka, na hakurudi kwa miezi tisa. Aliporudi alikuwa amebebwa, amekonda, na amefukuzwa kazi. Nilikuwa nimemwonyesha kwamba hata daktari yuko upande wa wanaombishia. Leo ningemuuliza kwanza, "Jioni zako zinakuwaje siku hizi?"

Mwanasaikolojia wa Marekani, Xavier Amador, ambaye ndugu yake wa kiume aliishi na skizofrenia, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2000, baada ya miaka ya kugombana na nduguye nyumbani. Anashauri mambo manne: sikiliza, onyesha unaelewa anachopitia, tafuta jambo mnalokubaliana, kisha mshirikiane katika hilo. Mimi nimeyatumia huku kwetu na nimeona yanafaa, mradi yatafsiriwe kwa lugha ya uani. Badala ya "Wewe mgonjwa, meza dawa!", jaribu "Mwanangu, jana hukulala. Ungependa leo ulale?" Akikuuliza moja kwa moja, "Mama, wewe huamini kwamba wananifuata?", usikubali uongo na usimcheke. Unaweza kusema, "Mimi siwaoni, mwanangu. Lakini naona unaogopa kweli. Nikusaidieje usiku huu?"

Daktari mwenzetu wa London, Anthony David, aliandika mwaka 1990 kwamba kutambua ugonjwa kuna vipande vitatu: kujua kwamba unaumwa, kuona kwamba yale unayoyasikia ni sehemu ya ugonjwa, na kukubali tiba. Kipande kimoja kinaweza kuwepo bila vingine. Kwa Tabora mgawanyo huu una faida kubwa, maana wagonjwa wangu wengi, na wazazi wao, wanasema wamerogwa. Zamani nilikuwa nalipinga neno hilo pale pale. Siku hizi nasikiliza. Mtu anayesema "nimerogwa, nisaidieni" ameshakubali mawili: kwamba kuna jambo haliko sawa, na kwamba anahitaji msaada. Tumebaki kutofautiana kuhusu chanzo. Sitampoteza kwa ajili ya chanzo. Kama familia inakwenda kwa mganga, naomba tu kwamba mgonjwa asifungwe minyororo, asipigwe, asinyimwe chakula, na dawa ya hospitali isikatishwe. Wako waganga waliokubali masharti hayo na hata kuniletea wagonjwa.

Nije kwenye jambo ambalo wazazi huniambia kwa sauti ya chini, baada ya kijana kutoka nje: kumwekea dawa kwenye uji. Mama yule wa Sikonge naye aliniambia. Alikuwa amepewa vidonge vya haloperidol mahali pengine, kijana akavikataa, akawa anavisaga na kuvitia kwenye chai. Simlaumu, na wewe uliyefanya hivyo sikulaumu. Lakini fikiria kilichotokea. Haloperidol inaweza kukakamaza shingo, kuvuta macho juu, kutetemesha mikono, au kumfanya mtu ashindwe kabisa kutuliza miguu. Kijana alikunywa chai, shingo ikapinda. Hakujua kuna dawa. Alijua tu kwamba amekula cha nyumbani na mwili umegeuka. Imani yake ya kuwekewa sumu, ambayo hadi siku ile haikuwa na ushahidi, ikaupata. Zile wiki tatu za embe na karanga zilianzia hapo. Dada yake, aliyekuwa akipeleka kikombe bila kujua kilichomo, ndiye aliyebeba lawama.

Kwa hiyo nilimwomba mama afanye jambo gumu: amwambie. Alimwambia pale pale chumbani kwangu, akilia. Kijana hakukasirika kama tulivyoogopa. Alisema, "Kumbe kulikuwa na kitu." Nikamwambia ndiyo, kulikuwa na kitu, na shingo yako ilipinda kwa sababu ya hicho kitu, na leo nitakupa dawa nyingine kwa kiasi kidogo, utaimeza mwenyewe ukiiona. Hatukuzungumzia ugonjwa kabisa. Tulikubaliana juu ya usingizi.

Kwa wale wasioweza kumeza kila siku, ziko sindano, kama ile ya fluphenazine, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Inafaa hasa kwa mtu anayesahau, na kama nilivyoeleza, kusahau ni sehemu ya ugonjwa. Jambo jingine la kuuliza kliniki: kama mgonjwa wako anapewa benzhexol, ile inayozuia kukakamaa na kutetemeka, uliza kama bado anaihitaji. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza kumbukumbu ya mtu ambaye kumbukumbu yake tayari ni dhaifu. Usimkatishe mwenyewe nyumbani, uliza tu. Bangi nayo inaharibu kotekote, inarudisha sauti na inapunguza akili ya kupanga. Hapo sina maneno laini.

Kuna wakati maneno mazuri hayatoshi. Mgonjwa akitishia kuua au kujiua, akiacha kula na kunywa kabisa, akibeba silaha, au akizunguka barabarani usiku, mlete hospitali ya karibu hata kama hataki. Hapa mjini ni Kitete, na kwa walioko wilayani ni hospitali ya wilaya. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu bila ridhaa yake, na ndugu wana nafasi yao ndani yake. Wazazi wengine huchelewa kwa sababu ya jina moja: Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa mitaa yetu jina lake limegeuzwa tusi. Inanisikitisha. Mahali pa zamani zaidi pa kutunzia wagonjwa wa akili hapa nchini ni Lutindi, kwenye milima ya Usambara, palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, ndipo baadaye pakageuka hospitali ya akili. Wengi wa wagonjwa wangu hawahitaji kufika Mirembe wala Lutindi. Wanatibiwa hapa hapa na kulala kwao.

Jambo moja zaidi, na naomba usiliruke. Utambuzi unapoanza kurudi, usidhani hatari imekwisha. Mtu anayeamka na kuelewa kwamba miaka miwili ya maisha yake ilikwenda na ugonjwa, kwamba mchumba ameolewa kwingine, kwamba bani la baba liliungua mkononi mwake, anaweza kuingia kwenye sonona nzito. Wapo wanaofikiria kujiua wakati huo, familia ikiwa inasherehekea kwamba "sasa amekubali". Ukiona amenyamaza kupita kawaida, anagawa vitu vyake, halali, au anasema yeye ni mzigo, muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kusema, na akisema ndiyo, usimwache peke yake na mlete siku hiyo hiyo. Na ninyi wakulima wa tumbaku na pamba, dawa za kuulia wadudu zifungieni kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

Nyumbani, mengi ya kumsaidia ni madogo. Mpe agizo moja, likiisha mpe jingine. Badala ya kumtuma dukani sukari, chumvi na vocha, mwandikie. Dawa iunganishwe na jambo linalotokea kila siku bila kukosa. Kwa nyumba nyingi za Tabora adhana ya isha inatosha, kwa wengine ni kengele ya simu. Zima redio ukiwa unaongea naye jambo la maana. Mpe muda wa kujibu, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kurudia swali. Na kazi zirudi moja moja, ukianza na zile ambazo akikosea hakuna kitu kitakachoungua.

Familia ile ilirudi mwezi uliopita, ikiwa ni miezi saba tangu siku ile. Mama alinisalimia "mwangaluka" akiwa bado mlangoni, na hakukaa tena pale pa kuzuia njia. Kijana ameongezeka mwili, anakula kwa dada yake. Baba alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Kila siku anaandika humo kazi moja, na kijana akiimaliza anaitia alama mwenyewe. Anahudumia mizinga ya nyuki 14. Kati ya kurasa zile niliona siku nyingi zenye alama, na wiki moja nzima isiyokuwa nayo. Baba alisema wiki hiyo walikosa dawa, nauli haikupatikana. Tukapanga dawa ya miezi miwili.

Nilimuuliza kijana, sasa anaonaje, alikuwa anaumwa?

"Hapana, daktari," alisema. "Mimi sikuumwa. Ila dawa inanilaza, na nikilala vizuri wale watu wanapunguza kelele."

Niliandika dozi ile ile. Baba akauliza kama msimu ujao anaweza kumwachia bani. Nilimwambia peke yake hapana, bado. Zamu ya mchana, pamoja na dada yake, na joto liandikwe kwenye daftari kila saa. Wakaondoka kuwahi gari la Sikonge.